Sakafu ya Marashi

Miaka yote niliyouza matunda sokoni Karatu, wateja walinishusha bei kwa maneno. Nesi alinishusha kwa pua. Alikuwa anachukua chungwa, analikwaruza ganda kwa ukucha wa kidole gumba, analipeleka puani, kisha ananitazama. Hasemi kitu. Mimi ndiye naanza kusema, na mwuzaji anayejieleza kabla hajaulizwa ameshauza kwa hasara.

"Yametoka Mto wa Mbu leo asubuhi, Nesi."

"Leo?"

"Jana jioni."

"Jana."

"Juzi. Lakini yalilala kivulini."

"Haya, sasa tunaongea. Nipe bei ya juzi."

Nilimpa bei ya juzi. Halafu akaongezewa moja, kwa sababu alikuwa na namna ya kusimama na kapu lake wazi mpaka mkono wako unakwenda wenyewe.

Zahanati yetu ilikuwa na manesi watatu. Wawili waliitwa kwa majina yao waliyobatizwa. Yeye aliitwa Nesi tu, kama vile kazi ile ilianza naye na wale wengine walikuwa wanamsaidia. Mwembamba, mrefu, sare nyeupe iliyopauka kwa vumbi jekundu la kwetu hadi ikawa na rangi ya chai ya maziwa, na viatu vya mpira vya shambani mvua ikinyesha, jua likiwaka. Na alinukia. Hilo ndilo watu walilolikumbuka kabla ya sura yake. Ukimwuliza mama yeyote wa umri fulani pale Karatu, hatakwambia Nesi alikuwa mweupe au mweusi. Atakwambia alikuwa ananukia.

Nilishawahi kusimama karibu naye vya kutosha, tukigombania bei, kwa hiyo naweza kuyaeleza marashi yale kwa mpangilio wake. Kwanza linakuja chungwa, na siyo maji yake, ganda lake, ule mrusho unaokuingia jichoni ukilimenya. Nyuma ya chungwa yanakuja maua meupe, mengi, kama mtu amefungua mlango wa chumba. Hayo ndiyo ya asubuhi. Ikifika saa nane mchana, maua yakishachoka, inabaki mbao. Mbao ya joto, kama kabati la nguo lililokaa upande wa jua. Nesi ukimkuta jioni akirudi nyumbani ameinama kwa uchovu, alikuwa ananukia mbao hiyo tu, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, maana haikuwa na haraka.

Sasa zahanati yenyewe ilinuka kama zahanati. Dawa ya sakafu, spiriti, na blanketi la mtu aliyelala hapo jana. Wanawake waliotoka milimani kuja kujifungua walikuwa wanafika mlangoni, harufu inawapiga, wanageuza. Nesi alikuwa anasimama pale pale mlangoni, anawashika mkono mmoja na kuwaweka karibu na shingo yake, kama mtu anayemsalimia shangazi. Wakishavuta pumzi mbili tatu wanaingia. Sikusoma mahali kwamba hiyo ni tiba. Nilihesabu tu wanaoingia na wanaogeuza, maana genge langu lilikuwa linaitazama zahanati na sikuwa na kazi nyingine wateja wakiwa wachache.

Habari ya chupa ya kwanza ya marashi alinisimulia mara mbili, na hazikulingana. Mara ya kwanza, mgeni mmoja wa Kizungu, mama mzee, aliteleza kwenye ngazi za hoteli moja kule ukingoni mwa kreta, na Nesi akaitwa kumfunga mguu. Mara ya pili yule mama alikuwa msichana na alichoumia ni mkono. Nikamwambia, Nesi, wiki jana alikuwa mzee na mguu. Akasema, "Kwani wewe unataka kumwoa?" Lakini sehemu moja haikubadilika. Yule mgeni alitoa pesa, Nesi akakataa. Akatoa soksi za sufu, Nesi akakataa. Akauliza basi unataka nini, na Nesi akanyoosha kidole kwenye meza ya kioo, kwenye chupa. Hapo ndipo nilipomheshimu rasmi. Mtu anayekataa mara mbili akijua cha tatu ni kipi, huyo angeweza kufanya biashara popote duniani.

Mgeni alirudi kwao, lakini hakusahau. Kila mwaka chupa nyingine ilifika, imefungwa kwenye gazeti, mkononi mwa dereva wa zile gari za watalii zilizotoka Nairobi. Dereva alikuwa anasimamisha gari mbele ya zahanati, watalii wanatoa kamera wakidhani kuna mnyama, kumbe anatoka Nesi na viatu vyake vya mpira.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alivuta ugoro. Ndiyo, mwanamke aliyenukia maua alikuwa na kikopo cha ugoro kwenye mfuko wa sare, na alikuwa anapiga chafya hadi mbwa wa bucha wanainuka. Nilimwuliza pua yenye ugoro inawezaje kujua chungwa la juzi. Akasema ugoro unafagia njia. Mganga wa zahanati, kijana mpole aliyetoka chuo, alimwambia marashi hayaruhusiwi chumba cha kujifungulia. Nesi akasema sawa daktari, akaitoa chupa, akaiweka nje kwenye kizingiti cha dirisha, wazi, upepo ukawa unaingiza ndani kama kawaida. Baada ya siku chache mganga mwenyewe alimwomba airudishe ndani kwa sababu mbuzi walianza kuikaribia.

Alikuwa anakwenda kliniki ya kutembea kwenye maboma ya Wamaasai, juu kule Ngorongoro, ambako nyati hutoka kwenye ukungu bila kupiga hodi, na hakuwahi kusema neno kuhusu nyati. Lakini akimwona kinyonga kwenye ua wa zahanati, alikuwa anapanda benchi. Mara moja alipanda benchi lenye mgonjwa.

Kanisani alikaa mlangoni. Akiulizwa, alisema anasubiri kuitwa kazini. Mimi nilikaa nyuma yake, na naamini alikaa pale ili mahubiri yakirefuka asionekane akitoka.

Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia. "Pumua kwanza, maneno baadaye." Hilo aliwaambia akina mama wenye uchungu, walevi walioletwa wamekatana, na mimi nilipoanza kupandisha bei ya malimau. Jingine lilikuwa, "Mtoto hasomi kalenda," aliwaambia waume waliokuwa wanakuja kuuliza mbona bado. Na siku nilipomwomba tone moja la marashi, nikiwa nakwenda Arusha kwenye mambo yangu, alinitazama kuanzia kofia hadi ndala.

"Wewe unanukia vitunguu," alisema. "Kaa hivyo hivyo. Wateja wako wakupate gizani."

Halafu mpaka wa Kenya ukafungwa.

Sisi wa Karatu tuliujua mpaka ule kwa masikio. Barabara ilinyamaza. Magari ya kutoka Nairobi yaliisha, hoteli za ukingoni zikabaki na wahudumu wanaofuta vijiko visivyotumika. Kisha vikaanza kuadimika vitu vingine, sabuni, sukari, viberiti, na kila mtu akawa mfanyabiashara wa kitu ambacho hakipo. Hakukuwa na gazeti lenye chupa ndani yake tena. Nesi alianza kubana. Kwanza aliacha kujipaka yeye. Akawa anachovya ncha ya njiti ya kiberiti na kumgusisha mama mwenye uchungu kwenye kifundo cha mkono, basi. Baadaye akawa anaacha mfuniko wazi chumbani kwa dakika chache na kuufunga. Akawa anakuja sokoni ananukia ugoro, na sabuni zikipatikana.

Ndipo Paulina, mke wangu, akashika mimba ya pili.

Lazima nieleze kidogo hapa. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nilikuja Karatu na gunia, nikabaki kwa sababu ya Paulina, binti wa wakulima wa Kiiraqw wa upande wa juu kule, kwenye njia ya kwenda Mbulu. Dada yake mkubwa alipelekwa kujifungua hospitali moja ya mbali na hakutoka. Paulina alikuwa mtoto, akaachwa akae kwenye korido na kanga za dada yake mapajani, siku nzima. Kilichomwingia siku ile ni harufu ya dawa. Tangu hapo akiisikia mikono inakufa ganzi na pumzi inakata. Siyo deko. Nimeona kwa macho yangu, mtu anakuwa na rangi ya jivu. Mimba yetu ya kwanza alikataa zahanati, akajifungulia kwa mama yake, jikoni, na mtoto hakulia.

Safari hii Nesi alikuja nyumbani kumpima. Alimshika tumbo muda mrefu, akifumba macho, akisogeza mikono kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia la maharage.

"Huyu amelala kama mtu aliye kwao," alisema. "Amekaa kwa upana. Anaweza kujigeuza. Asipojigeuza nitamgeuza mimi, lakini siwezi kumgeuzia jikoni. Nahitaji kitanda changu na maji yangu na dirisha langu. Umenielewa, binti yangu?"

"Nimeelewa, mama."

"Utakuja?"

Paulina akasema, "Nitakuja ukiwa na ile harufu yako. Nikifumba macho nisijue niko wapi."

"Na isipokuwepo?"

"Nitajitahidi. Lakini nakwambia ukweli, mama, nikifika mlangoni miguu itarudi yenyewe."

Nesi hakucheka wala hakumkaripia. Tulipotoka nje akaingiza mkono kwenye begi lake, akatoa chupa na kuinyanyua juani. Nikaitazama. Nikaitazama tena kwa upande wa pili. Ilikuwa kavu kama taa ya mjane.

"Sasa wewe mtu wa sokoni," alisema. "Kila kisichopatikana nasikia wewe unakipata. Hiki huna?"

"Nesi, mimi nauza machungwa."

Akanitazama kwa ule mtazamo wa kukwaruza ganda. "Basi tutaanzia hapo."

Kabla ya kuanzia hapo nilikwenda Arusha. Niliulizia kwa kila niliyemfahamu na wachache niliowakwepa. Nikapata kichupa kimoja kilichonukia pipi ya watoto. Paulina alipiga chafya kuliko Nesi, mchezo ukaishia hapo.

Njia ya Nesi ilikuwa nyingine. Alinunua mafuta ya mkia wa kondoo, yale wanayojipaka wazee, akayachemsha na maji na kuyachuja hadi yakawa meupe na hayana harufu ya kondoo, au karibu hayana. Akayatandaza kwenye sahani mbili za bati. Machungwa yangu alikuwa anayamenya juu ya sahani, anakunja kila kipande cha ganda ili kirushe ule mrusho wake juu ya mafuta. Machungwa yenyewe tukayala. Ni biashara pekee niliyoingia ambapo hasara ilikuwa tamu.

Maua ndiyo yalikuwa kazi. Alisema maua meupe ya ndani ya chupa yako jirani na ya kahawa, na kahawa tunayo, kwenye mashamba makubwa ya upande wa Oldeani. Mkahawa huchanua mvua za kwanza zikishagusa ardhi, mlima mzima unakuwa kama umemwagiwa unga, na baada ya siku chache hakuna kitu. Mvua ziligusa. Tukaenda asubuhi, mimi, Nesi, na shuka mbili za zahanati ambazo mganga alidhani zimepelekwa kufuliwa. Mlinzi wa shamba alikuwa mzee wa Kiiraqw mwenye koti la jeshi.

"Ua ni kahawa," alituambia. "Mkichuma ua mmeiba kahawa."

Nilianza kupatana naye kwa njia ninazozijua, na alikuwa mgumu, mzee yule, alijua kazi yake. Nesi akatuacha tukiongea. Akatandika shuka chini ya mkahawa mmoja, akalishika tawi kwa vidole viwili na kulitikisa kidogo, kama anavyomwamsha mgonjwa. Yakaanguka maua machache, yale ya jana, yaliyokuwa yameshaanza kulegea.

"Babu," alisema, "haya yameshamaliza kazi yake. Mtoto amebaki kwenye tawi. Mimi nachukua nguo tu."

Mzee akainama, akaangalia tawi, akaona vijipunje vya kijani vimebaki mahali pake. Akakaa chini kwenye jiwe na kututazama tukitikisa mikahawa hadi jua likawa kali. Tulipoondoka akaomba chungwa.

Maua tukayalaza juu ya mafuta, kila siku yanaondolewa yanawekwa mengine, hadi ya shambani yakaisha. Na kwa kweli marashi yalitoka. Ukiinama kwenye sahani ile unakutana na chungwa, na nyuma yake maua, mlango wa chumba umefunguka. Tukampelekea Paulina. Akapakwa mkononi. Akatabasamu. Tukanywa chai. Chai haijaisha, mkono haunukii kitu.

"Inakimbia," alisema Paulina.

Nesi alivuta ugoro, akafikiri. "Ile ya chupa ilikuwa na sakafu," alisema. "Hii ina paa na kuta, lakini mtu akiingia anatumbukia. Uchungu ni kazi ya siku nzima, siyo ya kikombe cha chai."

Alijua sakafu ni mbao. Akaenda kwa fundi seremala akaomba maranda ya mtarakwa, mbao nyekundu zenye harufu, akayachanganya na mafuta kidogo kwenye kijiko ili ajaribu. Paulina alinusa mara moja, akasukuma kijiko.

"Nini?"

"Jeneza," alisema mke wangu. Na ni kweli, fundi yule masanduku ya marehemu yote alikuwa anayatengeneza kwa mtarakwa. Hakuna mtu Karatu asiyeijua harufu ile. Kwa Mzungu ni kabati. Kwetu ni msiba. Nesi alikwenda nje akakimwaga kijiko mbali, akanawa mikono mara mbili.

Tumbo lilikuwa linashuka. Mtoto bado kalala kwa upana.

Wiki ile kulikuwa na kliniki ya kutembea. Nilidandia Landrova na gunia langu la machungwa, kwa sababu akina mama wa maboma walinunua vizuri, na kwa sababu nyumbani nilikuwa sina raha. Juu kule, nje ya boma moja karibu na Nainokanoka, alikuwepo bibi ambaye Nesi alimwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai, na kila mtu alimwita hivyo. Nesi alikuwa amezalisha wakwe zake wote.

"Takwenya, Koko."

"Iko," bibi aliitikia salamu.

Nesi alimweleza kwa Kimaasai chake cha kuungaunga, akimalizia kwa Kiswahili na mikono, kwamba anataka kibuyu kidogo chenye mfuniko. Mafuta kwenye sahani yalikuwa yanapoteza harufu, alihitaji chombo cha kuyafungia. "Kipya," alisisitiza. "Kitupu. Usiweke kitu ndani. Kitu chochote."

"Sitaweka," alisema Koko.

Safari iliyofuata kibuyu kilikuwa tayari, kizuri, kina mkanda wa ngozi na shanga nyeupe. Nesi alikuwa na mafua makali ya ukungu wa kule, pua imeziba, hata ugoro ulikuwa umemshinda. Jioni ile aliyayeyusha mafuta yote taratibu kwenye maji ya moto, akayamimina kibuyuni, akafunga. Yote. Mikahawa ilikuwa imeshaacha kuchanua. Hakukuwa na mengine.

Mafua yalipomwacha alikifungua, na mganga anasema alikaa chini. Kibuyu kilikuwa kimejaa moshi.

Nilikuwepo alipomkabili Koko, kwa sababu alisimamisha Landrova hata kabla ya kliniki, akashuka nacho mkononi.

"Koko, nilikwambia usiweke kitu."

"Sikuweka kitu."

"Humu kuna moshi."

"Ndiyo, ni safi." Koko alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Nimekisafisha kwa oloirien. Kijinga cha moto kinaingia, kinazungushwa, kinatoka, tunafuta kwa mkia wa ng'ombe. Mara nne. Kwa ajili yako nimefanya mara nne."

Oloirien ni mzeituni wa porini, mti ambao Wamaasai husafishia vibuyu vya maziwa. Nesi alijua hilo vizuri kuliko mimi.

"Nilisema kitupu."

"Kitupu siyo kichafu," alisema Koko. "Ungetaka mimi nikupe kibuyu kibichi? Watu wangeuliza, huyu mama alilelewa na nani? Nikupe wewe, uliyewatoa wajukuu wangu, kibuyu ambacho nisingempa hata jirani nisiyeongea naye?"

Nilijua nimeshuhudia kitu adimu, mtu amemshinda Nesi. Akatamani kukasirika na hakupata pa kushikia. Mwisho akasema ashe, maana yake asante, akarudi ndani ya gari, na njia nzima akakipakata kile kibuyu kama mtoto ambaye hajui ampe nani.

Tulipofika Karatu hakwenda zahanati. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu. Paulina alikuwa ameketi nje akichambua mchele, miguu imevimba.

"Binti yangu," alisema Nesi, "nimeharibu. Nakuletea uone mwenyewe, nisije nikakudanganya mlangoni."

Akakifungua, akachukua mafuta kwa ncha ya kidole, akampaka kwenye kifundo cha mkono. Paulina akapeleka mkono puani. Akafumba macho. Mimi nilikuwa natazama rangi ya uso wake, hiyo ndiyo mizani niliyokuwa nayo. Chungwa likapita, nililisikia hata mimi. Maua yakapita. Kisha ikaja ile nyingine, taratibu, ya joto, moshi wa mzeituni na nyuma ya moshi kitu kama maziwa.

"Hii siyo ile," alisema Paulina.

"Najua," alisema Nesi.

"Ile ilikuwa yako." Hakuwa amefumbua macho bado. "Hii naijua. Kwa bibi yangu maziwa yalikaa kwenye kibuyu kama hiki. Tulikuwa tunagombania kulamba mfuniko. Mimi na dada."

Alimaliza kuchambua mchele. Tukapika, Nesi akala kwetu. Ilipofika jioni Paulina akanusa mkono wake tena, akanusa na kiwiko kwa kuhakikisha, akasema, "Bado ipo." Kisha akaingia ndani, akaanza kufunga kanga zake.

Siku ya uchungu tulifika zahanati mchana, mvua imetoka kukatika. Nesi alikuwa mlangoni kabla hatujabisha. Amejipaka hadi viwiko, amepaka na shuka, na dirisha liko wazi. Paulina akasimama kizingitini. Niliiona miguu yake ikifikiri. Nesi akamvuta shingoni kwake, kama shangazi, wakasimama hivyo, maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Halafu wakaingia wote wawili.

Mimi nilibaki nje, chini ya dirisha, na mbuzi.

Ilichukua muda. Nilisikia Nesi akiongea na mtoto, siyo na mama. Alikuwa anapatana naye. "Hapo umelala vizuri, nakubali, lakini mlango uko huku. Geuza kichwa kidogo tu. Kidogo. Nipe na bega." Paulina akapiga ukelele mrefu.

"Pumua kwanza, maneno baadaye."

"Sina maneno."

"Basi unaendelea vizuri."

Harufu ilikuwa inatoka dirishani. Maua yalikuwa yameshachoka zamani na ile sakafu ilikuwa imetandikwa, unaweza kutembea juu yake. Jua lilikuwa limeanza kuegemea Oldeani nilipomsikia mtoto akilia. Nilisubiri alie tena ili nihakikishe. Akalia tena.

Kesho yake nilipeleka zahanati kapu zima la machungwa, ya leo asubuhi, kweli ya leo. Nesi akalikwaruza moja, akanusa, akaniangalia. Akayapekua yote. Akatoa matatu pembeni.

"Haya ni ya jana."

Yalikuwa ya jana.

Miaka ilipita, na kibuyu cha Koko kilibaki kwa Paulina. Mpaka ulifunguliwa, barabara ikapata sauti yake tena, maduka yakaanza kuwa na vitu kwenye rafu. Nesi alistaafu, akahamia kwenye shamba lake dogo karibu na lango la Ngorongoro, na ng'ombe wawili na ua wa michongoma. Siku moja nikiwa Arusha niliiona dirishani kwa mwuza duka mmoja. Chupa ile ile, mabega yale yale, mfuniko ule ule. Niliingia, nikauliza, nikatoka. Nikarudi. Nikatoka tena, nikafika hadi kona. Nikarudi, nikainunua.

Jumapili tulikwenda watatu, mimi, Paulina, na binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kukosa meno ya mbele. Nesi alikuwa anakamua. Amezeeka, amezidi wembamba, viatu ni vile vile vya mpira.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Umeleta machungwa ya lini?"

Nikampa chupa. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaifungua, akanusa. Nilisubiri uso wake useme kitu, kama nilivyozoea kusubiri sokoni.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Kabisa. Sikujua ilikuwa nyembamba hivi."

"Nyembamba?"

"Nzuri. Lakini inaishia mapema." Akampa Paulina anuse. Paulina akanusa na kuafiki kwa macho, wanawake wawili wakinijadili bila mimi. Kisha binti yetu akasogea kumsalimia, akainamisha kichwa kama watoto wa kwetu wanavyofanya, na Nesi akamwekea mkono utosini. Mtoto akabaki pale pale ameinama, amesahau kuinuka, pua yake iko karibu na ule mkono.

"Bibi," alisema, "kwani na wewe una kibuyu kama cha mama?"

Nesi akacheka, kitu ambacho hakuwa anakifanya ovyo. Akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kuiweka chupa. Alirudi bila chupa na kikopo kidogo, kile cha zamani cha ugoro, kimeoshwa, kimejaa mafuta meupe.

"Ya mwaka huu," alisema. "Koko hayupo, lakini wakwe zake wanasafisha kama yeye. Mara nne. Haya, tumebadilishana."

"Nesi, chupa kubwa kwa kikopo?"

"Unataka nikurudishie?"

Nilimtazama. Akanitazama. Mimi ndiye nilipaswa kujieleza. Nikakipokea kikopo.

Tulishuka kwa miguu hadi barabarani kusubiri gari. Paulina na mtoto walitangulia, wakigombania kikopo. Nilipiga hesabu ya biashara ile tangu mwanzo, machungwa, nauli za Arusha, shuka za zahanati, chupa. Nikaipiga mara ya pili kama kawaida yangu. Kila nikifika mwisho, mbele yangu alikuwa anatembea mtoto mwenye mapengo, ananusa vidole vyake. Nikaacha kuhesabu.